Aliyekuwa Akikanyaga Chumba cha Arobaini

"Mia sita na kumi na mbili, Wanzagi! Shilingi mia sita na kumi na mbili za marehemu, na mashine inasema umezitoa wewe!"

"Mashine haijasema hivyo, Ndugu Meneja. Wewe ndiye unayesema."

"Mimi nasoma kilichoandikwa!" Ndugu Bernado aliipiga meza kwa karatasi. "Chumba cha arobaini kimelipa. Aliyekituma ni thelathini na tatu. Thelathini na tatu ni ya nani hapa ofisini? Ya bibi yangu?"

Wanzagi aliitazama karatasi. Ilikuwa yake.

Kwenye benchi karibu na mlango alikaa Dafroza, mjane wa Mhoja wa Guta. Alikuwa amepanda lori la pamba kutoka Bunda mpaka Musoma, stakabadhi za mume wake zimefungwa kwenye pindo la kanga, akaambiwa hela ilishachukuliwa. Hakulia. Alisema tu, "Aliyechukua simjui. Nitakaa hapa hapa."

"Jumatatu saa mbili asubuhi hela iwe mezani," meneja alisema. "Ikikosekana, polisi."

Pastory, mtunza fedha, alimshika Wanzagi bega wakitoka. "Pole, ndugu yangu. Mimi najua huwezi. Ila utawaambia nini?"

Mwaka ule wa sabini na tatu, chama chao cha ushirika cha pamba kilikuwa na mashine ya kompyuta, msaada kutoka ng'ambo, kubwa kama kabati mbili za nguo. Mzungu aliyeileta aliugua akarudi kwao, akaacha kitabu. Wanzagi alikuwa fundi wa jenereta, wa darasa la nne. Alikisoma kitabu kile kwa kamusi miezi minane, ukurasa kwa ukurasa, mpaka mashine ikamtii. Wenye vyeti walimcheka. Yeye aliwajibu kwa kazi.

Alivyoelewa yeye ni hivi. Ndani ya mashine kazi zimekaa vyumbani, na kila chumba kina namba. Kazi moja ikiituma nyingine, huandika kwenye kizingiti cha yule aliyetumwa namba ya chumba ilikotoka, ili akimaliza ajue pa kurudi. Mashine ikikwama, fundi anasogeza swichi, anasoma taa, anauliza kizingiti kimoja baada ya kingine: wewe nani kakutuma? Na aliyekutuma, yeye katumwa na nani? Anarudi hivyo kinyumenyume mpaka amfikie wa kwanza. Kitabu kilisema ziko mashine zinazozipanga namba hizo moja juu ya nyingine kama sahani kabatini, na hakuna inayopotea. Hii yao haikuwa hivyo. Hii kila chumba kilikuwa na kizingiti kimoja, chenye nafasi ya namba moja tu. Akiingia mgeni wa pili, nyayo za wa kwanza zimefutika.

Udhaifu huo alimwonyesha mtu mmoja tu duniani, Pastory, nyumbani kwake, wakila ugali na sato. Mtu akikuomba umfundishe, ufiche kwa nini? Ndivyo alivyokuwaga Wanzagi.

Kuna jambo ambalo hakumwambia meneja. Tangu wiki tatu nyuma, kila siku orodha ya wanachama ilipofika jina la Mhoja, saa saba na dakika kumi mchana, mashine ilikuwa inasimama. Taa zinaganda. Halafu chumba kizima kinajaa harufu ya pamba iliyolowa jasho, harufu ya ndani ya gunia. Siku ya kwanza alidhani ni joto. Siku ya pili alisikia mshindo mdogo ndani ya kabati, du, du, du, kama mtu anayekanyaga kitu laini akiwa pekupeku.

"Itakuwa jini la mashine," Pastory alimnong'oneza alipomweleza. "Usimwambie mtu, watakuona kichaa. Bonyeza tu iendelee."

Akawa anabonyeza. Kila siku anabonyeza, mshindo unakoma, mashine inaendelea. Alimshukuru Pastory kwa ushauri ule.

Jumamosi, ofisi ilipofungwa, Ndugu Bernado alimleta mganga, Petronila wa Butiama, kwa gari la chama, mapazia yakiwa yameshushwa. Meneja naye alikuwa ameusikia mshindo. Juzi, alisema, ulimfuata mpaka ofisini kwake. Petronila alikuwa mwanamke mwembamba, mcheshi, na kibuyu chake alikibeba ndani ya mfuko wa sukari.

"Ndiyo huyu?" aliuliza akiitazama mashine. "Anakulaga nini?"

"Umeme, mama," Wanzagi alisema.

"Basi ana gharama kuliko mume wangu."

Dafroza alikuwa amegoma kutoka kwenye benchi lake. Meneja alimfukuza, yeye akamtazama tu.

Saa saba na dakika kumi taa ziliganda. Harufu ikaja, na safari hii ilikuja nzito, ikawaingia puani na kooni mpaka Pastory akaanza kukohoa, akatema kiganjani kitu cheupe, akakitazama, ni nyuzi za pamba, akatema tena, bado ni pamba, na mshindo ukaanza chini kabisa kabatini, du, du, ukipanda taratibu kama mtu anayeinuliwa na kile anachokikanyaga, ukafika kifuani mwao, ukafika usawa wa masikio, na kila mmoja chumbani akajikuta anapumua kwa shida kama aliyefungiwa mahali pasipo na mlango.

Petronila alitikisa kibuyu. "Nani kakutuma?" Du, du. "Nakuuliza kwa heshima. Aliyekutuma ni nani?"

Dafroza alisimama. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Mama, usimuulize hivyo," alisema polepole. "Huyo anashindilia pamba."

"Nani?"

"Baba watoto wangu. Alikuwa mshindiliaji kwenye ghala la Guta. Gunia linaning'inizwa darini, yeye anakuwa ndani anakanyaga, wenzake wanamwagia pamba kwa juu. Kamba ilikatika. Gunia likaanguka, likamfunika kichwa chini. Walipomtoa…" Alikaza pindo la kanga. "Ilikuwa saa saba mchana."

Petronila aliweka kibuyu chini. "Sasa nimeelewa kwa nini hajibu. Huyu si jini. Jini huwa anatumwa, na aliyetumwa ana pa kurudi. Huyu hajatumwa na mtu. Kaja mwenyewe."

"Mfukuze!" meneja alisema. "Si nimekulipa?"

"Nimfukuze aende wapi? Muulizeni mashine wenyewe. Mtu hasimami mahali pamoja kila siku bila sababu."

Maneno hayo yalimwingia Wanzagi kama maji ya baridi. Mahali pamoja. Kila siku mashine inasimamishwa hapo hapo, na kila siku yeye anabonyeza bila kusoma. Alisogea. Pastory akamdaka mkono.

"Bonyeza iendelee, ndugu yangu. Tutakufa humu."

"Niache."

Alisogeza swichi akasoma kizingiti cha arobaini. Taa hazikusema thelathini na tatu. Zilisema sabini na moja. Akasoma tena akidhani jasho limemwingia machoni. Sabini na moja, chumba ambacho yeye alikiacha kitupu. Akakifungua neno kwa neno. Kilikuwa na kazi: kuchukua kila siku kila jina la marehemu, kuituma arobaini ilipe salio kama lipo, kisha kuipitisha kazi kwenye thelathini na tatu, ili ile ya Wanzagi iingie arobaini tena na kufuta nyayo za mwizi. Mshindo ulikuwa unaisimamisha mashine katikati, baada ya mgeni wa kwanza, kabla ya wa pili.

Kazi huingizwa kwenye mashine kwa utepe wa karatasi uliotobolewa matundu, na utepe huo huwa na mkono wa mtu, kama mwandiko. Kila baada ya neno la tatu Pastory alikuwaga anaacha nafasi tupu. Sabini na moja ilijaa nafasi hizo.

"Pastory."

"Wewe ndiye uliyenifundisha," Pastory alisema, na sauti yake haikuwa na aibu. "Usinitazame hivyo."

Wanzagi hakumpiga, ingawa kila aliyemjua angeapa angempiga. Alikuwa anakumbuka paa la nyumba ya Pastory kule Nyakato. Mabati tisa mapya. Yeye mwenyewe alipanda juu akayapigilia misumari, siku nzima ya Jumapili, bure, akashuka na mikono imechanika, na Pastory akamwita ndugu mbele ya mke wake. Bati moja shilingi thelathini na nne.

"Tisa kwa thelathini na nne," alisema. "Mia tatu na sita. Hiyo ni nusu. Nusu nyingine iko wapi?"

Pastory alimtupia jicho meneja.

"Imetosha," Ndugu Bernado alisema haraka. "Mwizi amepatikana. Zima mashine. Zima, Wanzagi!"

Lakini kufuata nyayo si kuishia kwa mtu wa kati. Wanzagi aliweka swichi kwenye kizingiti cha sabini na moja, akauliza swali lile lile moja. Wewe nani kakutuma?

Taa ziliwaka. Namba mbili.

Chumba namba mbili kilikuwa kinafunguliwa kwa ufunguo mmoja tu, wa kufuli iliyo mbele ya mashine, na ufunguo huo ulikuwa unaning'inia kwenye mkanda wa meneja.

Ndugu Bernado aliruka akauchomoa waya ukutani. Feni ikasimama. Taa zote zikazimika. Mshindo haukuzimika. Ulitoka kabatini, ukapita sakafuni bila haraka, ukiacha juu ya saruji alama nyeupe za nyayo za mtu mzima, nyayo za pamba, mguu wa kulia, mguu wa kushoto, mpaka mbele ya viatu vya meneja, ukakaa hapo ukikanyaga mahali pamoja, du, du, du, na meneja akaanza kukohoa.

Dafroza alifungua pindo la kanga, akatoa stakabadhi, akaziweka mezani. Akamnyooshea meneja kiganja.

"Mia sita na kumi na mbili. Nipe."