Plagi ya Bei Mbaya

Kila Jumamosi asubuhi, kabla jua la Ipagala halijaanza kuchoma, Mwamvua huosha pikipiki ya Nurdini, baba yake mdogo anayemlea. Akimaliza magurudumu, hufungua kifuniko cha pembeni na kutoa chujio la hewa, yaani sponji inayozuia vumbi lisiingie kwenye injini. Kwa vumbi Dodoma haina mpinzani, basi sponji hutoka nyekundu kama udongo wenyewe. Huifua kwa sabuni, huianika, na ikikauka huipaka oili kidogo na kuirudisha.

Pikipiki hiyo ndiyo inayolisha nyumba. Msimu wa zabibu, Nurdini huzibeba kutoka shamba la Mama Generosa kule Makutupora hadi sokoni mjini.

Jumamosi moja Mwamvua alianika sponji kwenye ukuta mfupi wa uani, akaenda kuruka kamba na wenzake. Aliporudi alimkuta mbuzi wa jirani akimalizia kipande cha mwisho, tena bila haraka yoyote.

Alikuwa ameonywa mara nyingi asiache kitu cha pikipiki peke yake. Badala ya kusema, aliingia chumbani, akakata kipande kinene cha godoro lake, akakilowesha oili chapachapa ili vumbi lisipate pa kupita, kisha akakishindilia ndani na kufunga kifuniko. Kwa nje, nani angejua?

Haikupita wiki, pikipiki ikaanza vituko. Ilikohoa, ikatoa moshi mweusi, ikawa inazimika kila penye mwinuko. Fundi Elisante alifungua plagi, ile inayotoa cheche za kuwasha petroli, akaikuta imejaa masizi. Akaweka nyingine ya kawaida. Nayo baada ya siku mbili ikawa nyeusi tii.

"Zipo plagi nzuri za bei mbaya, zinadumu sana," fundi alisema. "Lakini kwanza tuangalie kingine. Chujio la hewa likoje?"

"Nimelisafisha mwenyewe, Fundi," Mwamvua aliwahi kujibu. "Baba mdogo, nunua tu hiyo nzuri!"

"Kwa usafi huyu simtilii shaka," Nurdini alisema kwa fahari. "Weka hiyo nzuri, nina haraka."

Maneno hayo yalimchoma Mwamvua. Jioni ile pikipiki ilikwenda vizuri, akajipa moyo kwamba mambo yamekwisha.

Kesho yake ilizimika katikati ya njia, juani, zabibu zikiwa nyuma. Mpaka ilipokubali kuwaka tena, matunda yalikuwa yamepasuka na kuchuruzika. Mama Generosa alipiga simu.

"Nurdini, mzigo wa kesho ukiharibika nitatafuta mtu mwingine. Samahani, lakini na mimi nina watoto."

Nurdini alifika nyumbani akiisukuma pikipiki iliyozimika tena, plagi mpya iko mkononi, nyeusi.

"Elisante ameniuzia plagi feki!" alifoka. "Naenda sasa hivi. Mtaa mzima utajua kwamba ni tapeli!"

Akilini Mwamvua alimwona fundi akitukanwa mbele za watu kwa kosa ambalo si lake. Akajikaza, akasimama mlangoni.

"Baba mdogo, usiende. Fundi hana kosa. Ni mimi."

Alisimulia yote, mbuzi na godoro, huku machozi yakimtoka. Nurdini aliinama kwenye pikipiki. Alifungua kifuniko, akavuta kile kipande kikatoka kikidondosha oili.

"Hili ni godoro?"

"Ndiyo, baba mdogo. Upande wa miguuni."

Nurdini alijitahidi kununa, akashindwa. Alicheka mpaka akakaa chini, na Mwamvua akahisi kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani.

Walikwenda pamoja kwa fundi, na Mwamvua akamwomba radhi. Elisante aliweka chujio jipya, akasafisha ile plagi ya zamani ya kawaida na kuirudisha. Pikipiki iliwaka kwa teke la kwanza, bila moshi. Akaisafisha na ile ya bei mbaya, akaijaribu, pikipiki ikawaka vilevile.

"Kumbe ile ghali haina faida?" Mwamvua aliuliza.

"Inayo. Anayetembea kila siku kama baba yako itamdumia muda mrefu," fundi alisema. "Ila injini yenu ilikuwa inakosa hewa kwa sababu ya godoro, petroli haiungui yote, inaacha masizi. Hapo plagi yoyote ingekuwa nyeusi, hata ingekuwa ya dhahabu."

Siku iliyofuata zabibu zilifika sokoni nzima. Mama Generosa alipiga simu tena, safari hii kumwomba abebe mzigo wa kesho. Nurdini alishusha pumzi ndefu, akamwita Mwamvua.

"Mbuzi kula sponji ni bahati mbaya tu," alimwambia. "Ningekugombeza kidogo, tungenunua nyingine, yakaisha. Kuficha ndiko kulikotuletea yote haya, hata nikakaribia kumvunjia heshima rafiki yangu. Ukiharibu kitu, niambie siku ileile, kikiwa bado ni kitu kidogo. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, baba mdogo. Na sasa hutaniamini tena?"

"Jana ungeweza kunyamaza, mimi nikaenda kupigana na Elisante," Nurdini alisema. "Ulisema huku unalia. Nakuamini kuliko juzi."