Kifusi Kilichoshonwa

Kila siku nikitoka shule saa nane mchana, nilimpelekea mama chakula mwaloni, mahali wanapooshea mchanga wa dhahabu. Njia yangu ilipita mbele ya Nyumba ya Mizani. Mji wetu uko kando ya barabara ya kwenda Nyarugusu, ni mdogo, na hiyo ndiyo nyumba pekee ya zamani tuliyo nayo. Ina kuta nene za mawe na baraza pana. Zamani dhahabu ya wachimbaji iliyeyushwa na kupimwa humo. Mwaka huu halmashauri ilitoa fedha ikarabatiwe, iwe maktaba na makumbusho ya mji. Shule yetu haina maktaba. Nilikuwa nimeshachagua dirisha ambalo ningekaa kando yake kusoma.

Lakini ukarabati wenyewe sikuuelewa. Mvua zilikaribia, na hakuna hata bati moja bovu lililobadilishwa. Madirisha yalizibwa kwa maturubai. Sikusikia nyundo wala mwiko. Nilisikia sululu, kutwa nzima.

Siku moja nilisimama nje ya uzio na rafiki yangu Blessing. Mkandarasi, Bwana Sostenes, alitoka akijipangusa vumbi.

"Shikamoo," tulimwamkia.

"Marahaba, wanangu. Mnatafuta nini?"

"Tunaangalia nyumba yetu," nilisema.

"Nyumba yenu!" Alicheka, akatoa noti ya elfu mbili. "Haya, kanyweni soda. Msizoee kusimama hapa, mtaangukiwa na tofali."

Blessing alishukuru kwa magoti yote mawili. Mimi niliitazama ile nyumba ya mawe. Tofali la kutuangukia lingetoka wapi?

Nyuma yake vijana walikuwa wanapakia viroba kwenye guta, ile baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu. Kila kiroba kilikuwa kimeshonwa mdomo kwa uzi mnene, tena kwa mshono wa karibu karibu.

"Blessing, tangu lini kifusi kinashonwa?"

"Ghati, wewe na maneno yako. Kwani kimekuomba sindano? Twende tukanywe soda."

Soda ile sikuinywa. Nilikwenda moja kwa moja mwaloni, nikamsimulia mama. Mikono yake ikasimama ndani ya maji.

"Kifusi humwagwa kwenye mashimo ya barabara," alisema polepole. "Anayeshona kiroba anaogopa punje moja isidondoke. Huku kwetu tunashona mawe ya dhahabu tu."

"Sasa kifusi cha nyumba ile kina dhahabu gani?"

"Humo walipima dhahabu miaka na miaka. Unadhani haikumwagika sakafuni? Wenye mashine za kusaga mawe hufagia sakafu zao wakaosha zile taka, na wanapata. Hao vijana wa Sostenes ni wachimbaji. Mikono yao imeshona kwa mazoea, bila kufikiri." Kisha akashusha sauti. "Umenisikia, na sasa ufunge mdomo. Mwenye mwalo huu ni shemeji yake Sostenes."

Kesho yake guta lilileta viroba vilevile mwaloni. Mama aliambiwa avioshe. Aliviosha, lakini usiku ule hakula.

Jumamosi mtendaji wa kata, Bwana Bartholomeo, aliitisha mkutano mbele ya nyumba ili wananchi wasikie kazi imefikia wapi. Bwana Sostenes alieleza kwamba sakafu ilikuwa imeoza, imebidi waing'oe yote, na kwa hiyo anahitaji fedha za nyongeza. Watu walipiga makofi machache ya uchovu. Mtendaji akauliza kama kuna swali. Nikanyoosha mkono.

"Kifusi cha sakafu mmekipeleka wapi?"

"Tumetupa," alijibu Bwana Sostenes.

"Kama ni cha kutupa, mlikishona kwa nini?"

Wachache walicheka. Kisha kicheko kikakatika, kwa sababu katika mji wetu hata mtoto wa chekechea anajua kinachoshonwa. Minong'ono ikapita kutoka benchi hadi benchi.

"Mtendaji, nimeitwa hapa nitukanwe na mtoto?" Bwana Sostenes alifoka.

"Binti, omba radhi," alisema mtendaji. "Haraka."

Kabla sijafungua kinywa, mama alisimama. Alifungua fundo la kanga yake, akaweka kwenye meza ya mtendaji kipande cha sakafu nyekundu ya Nyumba ya Mizani, kikubwa kama kiganja.

"Hiki nimekitoa mwaloni, kwenye kiroba nilichopewa nioshe," alisema. "Kama kilitupwa, kilitupwa kwenye beseni langu."

Mzee Maige, fundi mwashi mstaafu, hakusubiri ruhusa. Alikwenda dirishani, akavuta turubai likaanguka. Ndani hapakuwa na chumba. Palikuwa na shimo refu kunipita. Msingi ulikuwa unaning'inia wazi, na ufa ulikuwa umepanda kutoka chini hadi kwenye dirisha langu.

"Mvua mbili tu," alisema Mzee Maige, "ukuta huu ungelala."

Jioni ile kazi ilisimamishwa na Bwana Sostenes akachukuliwa na polisi kuhojiwa. Viroba ambavyo havijaoshwa vilirudishwa, na udongo wake ukashindiliwa ndani ya shimo. Halmashauri ilileta mhandisi na mkandarasi mwingine. Wananchi waliunda kamati ya kukagua kazi kila Ijumaa, na Mzee Maige akawa mwenyekiti. Mama alifukuzwa mwaloni. Kwa wiki tatu tulikula ugali kwa mlenda, hadi mkandarasi mpya alipomwajiri kuchotea mafundi maji.

Ukuta ulisimama. Siku maktaba ilipofunguliwa, mwalimu wetu, Mwalimu Paskazia, alitukusanya barazani.

"Fedha ya umma ni ya kila mmoja anayepita njia hii," alisema, "kwa hiyo kila anayepita ana haki ya kuuliza. Ila angalieni Ghati alivyofanya. Hakumwita mtu mwizi. Alitazama kwa macho yake, akamuuliza anayeijua kazi, halafu akauliza hadharani. Tena mkumbuke mama yake. Swali la mtoto lilihitaji mtu mzima aliye tayari kupoteza kibarua ili kusema kweli."

Watu walipotawanyika, mtendaji aliniita pembeni. Nilimwamkia, akaitika.

"Umetusaidia, sikatai," alisema. "Lakini siku ile ulimwaibisha mtu mzima mbele ya mkutano, na mimi nilikuagiza uombe radhi. Bado sijaisikia. Sema tu neno moja, tuyamalize."

"Mtendaji, nilinyoosha mkono, nikaruhusiwa, nikauliza swali," nilisema. "Kesho nikiona kifusi kimeshonwa, nitauliza tena. Radhi siombi."