Mkwe wa Bibi Mogesi

Jioni ile Mokami alipakua ugali wa watu watatu. Mumewe, Wangwe, alikuwa ameshanawa mikono. Akaliangalia bakuli la tatu, lililofunikwa kwa ungo na kuwekwa kando ya mlango, akacheka.

"Hilo la nani? Au tumbo limeanza kula peke yake?"

Mokami alikuwa na mimba yake ya kwanza, na utani wa tumbo ulikuwa haujaisha nyumbani humo.

"La mama mkwe," alisema. "Amechoka. Atakula akishapumzika."

Mama yake Wangwe alikufa Wangwe akiwa bado mvulana, na Mokami hakuwahi kumwona. Wangwe alitaka kucheka tena, lakini pale mlangoni palinuka ugoro na nyumba ile haikuwa na mtu wa ugoro. Asubuhi bakuli lilikuwa tupu. Akajiambia ni paka.

Wangwe alikuwa hodari sana wa kujiambia mambo. Alikuwa balozi wa nyumba kumi, kadi ya chama mfukoni, sauti nzuri ya mikutanoni. Wakati wa operesheni ya vijiji ni yeye aliyetangulia na mgambo kuwatoa watu kwenye maboma ya zamani kule mlimani na kuwaleta huku bondeni, upande wa Kewanja, kwenye nyumba zilizojengwa kwa mstari. Watu waliambiwa wanaanza maisha mapya. Wengine walinung'unika, lakini Wangwe aliyapenda maneno hayo, kwa sababu kule mlimani alikuwa ameacha deni.

Deni lenyewe lilikuwa la bibi mmoja, Mogesi, mjane asiye na mtoto wa kiume. Wakurya wana njia ya kuokoa nyumba ya namna hiyo isizimike. Mama mwenyewe hutoa ng'ombe wake, akaoa binti awe mkwe wa nyumba yake, na watoto wanaozaliwa huwa wajukuu zake, hata awe nani aliyewazaa. Wanaiita nyumba ntobhu. Mogesi hakuwa na ng'ombe wa kutosha mahari, alikuwa na mtamba mmoja tu. Akamwekesha kwa jirani yake kijana, Wangwe, amchunge na kunywa maziwa, ila ndama wawe wa Mogesi mpaka watakapotosha. Shahidi alikuwa mzee Heche, ambaye sasa ni marehemu.

Mtamba akazaa, na ndama wake wakazaa. Kila baada ya mavuno bibi alikuja na kopo lake la ugoro, akawapapasa ng'ombe migongoni na kusema, "Bado kidogo. Mkwe wangu yuko njiani."

Siku ya lori, Mogesi alikataa kupanda. Alikumbatia nguzo ya zizi la Wangwe, akasema haondoki mpaka aonyeshwe ng'ombe wake wanapelekwa wapi. Mgambo walikuwa wanatazama. Wangwe akambandua vidole kimoja kimoja.

"Twende kwanza, mama," alimwambia. "Mambo ya ng'ombe tutazungumza huko."

Huko hawakuzungumza. Mvua ilimkuta bibi kwenye kibanda kisichoezekwa, homa ikamchukua, na kaburi lake lilikuwa halijaota majani vizuri Wangwe alipowaswaga wale ng'ombe wote kwenda kwa baba yake Mokami kuwa mahari. Aliona aibu, tusimwonee. Lakini aibu ambayo watu hawaijui huzoeleka, na bibi harusi alikuwa mzuri.

Sasa mabakuli yakawa matatu kila jioni. Siku moja, jua likiwa linazama, Wangwe alikuwa amesimama zizini, ng'ombe wake wachache wakiwa wameshaingia, aliposikia sauti ya kikongwe huko juu njiani ikiita ng'ombe kwa rangi zao, yule mwekundu, yule wa madoa, yule mweupe wa tumboni, na kabla hajageuka akasikia kwato, kwato za ng'ombe wengi zikishuka, zikipita mbele yake karibu kabisa hadi vumbi likamwingia puani pamoja na harufu ya ugoro, zikiingia zizini moja baada ya nyingine, na ng'ombe wake wakisogea pembeni kuwapisha wenzao ambao yeye hakuwaona hata mkia.

Mokami alikuwa mlangoni, ameshika kibuyu.

"Mama amerudisha ng'ombe," alisema kwa sauti ndogo. "Anauliza mtazungumza lini."

Usiku ule Wangwe hakulala. Alfajiri alimchukua ng'ombe wake bora, akapanda naye hadi kwenye boma la zamani. Nyasi zilikuwa zimemeza kila kitu isipokuwa ile nguzo. Akamfunga hapo kwa fundo gumu, akasema kwa haraka, "Chukua, mama, tumalizane," akateremka bila kugeuka nyuma. Alipofika nyumbani, yule ng'ombe alikuwa amesimama mbele ya mlango, anacheua, kamba nzima inaning'inia shingoni. Haikukatwa. Ilikuwa imefunguliwa taratibu.

"Mama hamtaki huyo," Mokami alisema kutoka ndani.

Mokami mwenyewe alikuwa anakwisha. Alikula kidogo, aliongea kidogo, na kila jua likizama alianza kutembea kuelekea mlimani bila viatu, huku ameshika tumbo. Akirudishwa alishangaa, kama mtu aliyezuiwa asiende kwake. Majirani walinong'ona kwamba nyumba ya balozi ina jini.

Wangwe akamfuata mganga, mama Nyamhanga wa Genkuru. Mama yule alikuja mchana, akavuta hewa mara moja pale mlangoni, akagoma kuwasha dawa zake.

"Shikamoo, mama," Wangwe alisema. "Mbona huanzi? Lifukuze hili jini. Mbuzi yupo."

"Marahaba. Jini gani? Jini halidai mtu. Huyu anadai." Akamwangalia. "Ulikula nini cha mtu?"

Wangwe akanong'ona yote, akiwa ameupa mgongo mlango ili mkewe asisikie. Mama Nyamhanga alisikiliza hadi mwisho.

"Wale ng'ombe walikwenda kwa mkweo, wakaleta nini?"

Wangwe akageuka, akautazama mlango.

"Walimleta huyu. Kwa hiyo ni mkwe wa nani? Mwizi naweza kumfukuza, tata. Mwenye mali nimfukuze niende naye wapi? Mpe nyumba yake hapa, mbele ya watu, la sivyo atawachukua wote wawili, huyu na aliye tumboni, akawape nyumba huko aliko."

"Nitakuwa nani mimi?"

"Mtu anayepiga hodi."

Jioni ile Mokami alipoanza kutembea tena, Wangwe alimkimbilia, akapiga magoti njiani mbele ya nyumba zile za mstari, mbele ya watu aliozoea kuwahutubia, akasema. Alisema mtamba alikuwa wa nani, na mahari yalikuwa ya nani. Alisema jinsi alivyombandua bibi vidole. Alipofika hapo alilia, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Mokami alisimama. Macho yake yakarudi, akamtazama kama anamwona kwa mara ya kwanza baada ya safari ndefu.

"Ulinioa kwa ng'ombe wa marehemu," alisema. "Na mimi nilikuwa najisifu kwa wenzangu."

"Nisamehe."

"Mimi utaniomba baadaye. Anza na mwenye ng'ombe."

Akageuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Hakwenda mlimani tena. Tangu siku ile Wangwe alilala kwenye kibanda kando ya zizi, akalima na kuchunga kama kawaida, na watu walipoiita ile nyumba kwa Mogesi hakuwasahihisha. Mokami akanenepa, akajifungua mtoto wa kiume mwenye afya. Waliomzalisha walimwita mjukuu wa Mogesi.

Wangwe alisikia kilio cha mtoto akiwa zizini. Alinawa, akavaa shati safi, akaenda hadi mlangoni pa nyumba aliyoijenga kwa mikono yake. Palinuka ugoro. Akapiga hodi.

Alimsikia Mokami akivuta pumzi bila kujibu, kama mkwe anayemwachia mkubwa wake aseme. Mtoto naye akaacha kulia, ghafla, kama aliyepokewa na mikono mingine.

"Karibu, Wangwe," ikajibu sauti ya kikongwe. "Keti. Sasa tuzungumze."