Niligeuza Mkono wa Kulia, Akalipa Shemeji Yangu

Nina umri wa miaka themanini na nne. Ninaishi Garissa, si mbali na soko la mifugo, na meno niliyobaki nayo yanatosha kutafuna tende tu. Watu wa mtaa huu huniita Fundi. Wananiamkia kwa heshima, na harusini wananipa kiti cha mbele... Laiti wangejua! Wasomaji wenzangu, mnayemsoma hapa ni mtu wa hovyo. Nimeuficha uhovyo wangu kwa karibu miaka sitini, na nisingeufunua leo kama si kompyuta.

Ndiyo, kompyuta! Mjukuu wa dada yangu, Nasra, ni mhandisi wa mashine hizo. Mwezi uliopita alikuja kunijulia hali, akaifungua ya kwake pale mkekani, akaanza kunieleza kazi yake. Alisema ndani ya kila kompyuta kuna programu moja iliyo chini ya nyingine zote, inaitwa kerneli. Programu nyingine zikitaka chochote kwenye mashine, lazima zibishe hodi kwa kerneli kupitia milango iliyowekwa. Na mashine zenyewe hazifanani, kwa sababu prosesa, yaani ubongo wa mashine, ya simu ni ya aina moja na ya kompyuta ya ofisini ni ya aina nyingine. Nasra na wenzake hupanga milango hiyo iwe ileile, prosesa iwe yoyote, ili anayebisha hodi asihitaji kujua kilichoko nyuma ya mlango.

Hapo nikaanza kuelewa... kuelewa mno! Kisha akasema, bila wasiwasi wowote, kwamba kuna prosesa mpya imekuja, na kwa ajili ya prosesa hiyo moja tu watageuza mpangilio wa mlango mmoja, kinachoombwa kwanza kiombwe mwisho, maana ndiyo njia rahisi.

“Na waliozoea mpangilio wa zamani?” nikamuuliza.

“Tutaandika tangazo, awowe,” akajibu. Awowe ndiyo babu kwa lugha yetu.

Tangazo! Kikombe cha chai kilinitoka mkononi, kikamwagikia mkeka. Nasra alidhani ni uzee.

Miaka ile ya vita vya shifta, yaani waasi waliopigana na serikali, nilikuwa kijana wa ishirini na kitu, fundi wa karakana ya maji hapa Garissa. Mkoa mzima ulikuwa chini ya hali ya hatari. Huwezi kwenda Wajir bila msafara wa askari, na baadaye barabara zikaanza kutegwa mabomu ya ardhini. Ukisahau kifaa kimoja Garissa, kitafika kisimani baada ya mwezi, kama kitafika.

Na visima vyetu vya mashine vilikuwa balaa tupu! Kila kimoja kilikuwa na injini yake. Hii ya dizeli, ile ya petroli, hii inazunguka kulia, ile kushoto, klachi ya hii iko mbele, ya ile iko nyuma. Injini ikifa na kuletwa ya aina nyingine, mwangalizi wa kisima alilazimika kufundishwa upya, na wa kumfundisha yuko Garissa anasubiri msafara. Huku ngamia wanalia.

Hapa niacheni nijisifu kidogo, maana baada ya hapa hakuna sifa. Nilitengeneza ubao wa chuma wenye mikono mitatu ya kuvuta. Wa kulia ulitenga injini na pampu, wa kati uliwasha injini, wa kushoto uliunganisha pampu taratibu. Nyuma ya ubao nilifunga vyuma vya kugeuza mambo kulingana na injini iliyopo, kila aina ya injini na vyuma vyake. Mbele, mikono ilikuwa ileile daima. Kulia, kati, kushoto!

Na kwa nini nilianza na kulia? Kwa sababu nawafahamu watu wangu. Sisi tukitawadha tunaanza na kulia, tukila ni kulia, tukiingia msikitini mguu wa kulia. Mfugaji ambaye hajaona shule hata kwa mbali ataanza na kulia hata umwamshe usingizini. Waangalizi wa visima waliujua ubao ule kwa siku moja. Nilizunguka kisima hadi kisima nikawaapia kwamba injini itabadilika lakini mikono haitabadilika kamwe. Niliapa kwa jina la Mungu, mimi huyu!

Mmoja wa waangalizi hao alikuwa Dahir, mume wa dada yangu Habiba. Kisima chake kilikuwa upande wa Griftu, kule Wajir. Mtu mpole, mrefu, mwenye kucheka hadi machozi yamtoke. Alikuwa akijitapa mbele ya wafugaji kwamba ubao ule ni kazi ya shemeji yake wa Garissa, na kwamba mtu akiulaumu amemlaumu yeye.

Kisha tukaletewa msimamizi mpya kutoka Nairobi. Karakana nzima tulimwita Kalamu Nne, kwa sababu kalamu nne zilikaa mfukoni mwa shati lake siku zote na sikumwona hata siku moja akiandika kitu cha maana kwa yoyote kati yake. Spana hajui kuishika. Grisi akiigusa anaomba sabuni. Lakini mdomo! Huyo bwana angeweza kuzungumza asubuhi nzima juu ya pampu ambayo hajawahi kuiona ikitoa maji.

Injini ya Dahir ikafa. Tukapokea nyingine, aina mpya kabisa, ambayo klachi yake ilivuta kinyume cha zote tulizozijua. Ukiifunga kwenye ubao wangu, mkono wa kulia unaunganisha pampu na wa kushoto unaitenga. Dawa yake niliijua. Ilitakiwa nifue chuma cha kupishanisha nyuma ya ubao, kazi ya wiki mbili. Nilimwambia hivyo Kalamu Nne.

Akacheka! Akasema msafara unaondoka keshokutwa, wakubwa wanataka kuona injini imefika, na yeye hatangoja wiki mbili kwa ajili ya wachunga mbuzi. Wataanza na kushoto, akasema, kwani wana mkono mmoja? Yeye angeandika barua. Halafu, mjinga yule hakuwa mjinga kwa mambo haya, akaongeza kwamba anatafuta fundi mkuu wa karakana, mtu mwepesi, asiye na ubishi. Fundi mkuu alikuwa na ofisi, na ofisini mlikuwa na kiti cha kuzunguka.

Mnacheka? Chekeni. Nilikitaka kiti kile! Nilikuwa nimekichungulia dirishani mara ngapi sijui. Nikaufunga ubao kwenye injini ile bila chuma cha kupishanisha, bolti kwa bolti, nikijua ninachofunga. Niliugeuza mkono wa kulia kwa mikono yangu mwenyewe, nikafuta grisi, nikasema tayari, bwana.

Kisimani kwetu zamu ya kunywesha haigeuzwi na mtu mmoja. Hata uwe na ngamia wa kujaza bonde, zamu iliyokubaliwa inakaa hadi wazee wa kila familia inayonywesha pale waitwe na waketi. Mtoto wa miaka saba analijua hilo. Mimi nilikulia kisimani, nimechota maji tangu sijaota ndevu, na ndiye niliyegeuza zamu ya mikono ile peke yangu na kutuma karatasi. Mfugaji gani angefanya upumbavu huo? Ulihitaji msomi!

Barua yenyewe niliiona. Ilipigwa taipu kwa Kiingereza. Kiingereza, upande wa Griftu! Dahir alisoma Kurani vizuri, lakini Kiingereza hakukijua hata cha kuombea maji. Nilitaka kuongeza maneno mawili kwa Kisomali, au nimtumie salamu kwa dereva wa lori... Nikajiambia ah, wenyewe wataelewana.

Msafara ulifika, mafundi wakafunga injini kwa haraka huku askari wakiwahimiza, wakamkabidhi Dahir ile bahasha, wakaondoka. Dahir aliona karatasi ya serikali yenye muhuri. Aliikunja vizuri akaiweka mfukoni, upande wa moyo, akingoja apatikane wa kumsomea. Kisha akasema bismillahi, akavuta mkono wa kulia.

Alipovuta wa kati, injini iliwaka ikiwa imebeba uzito wote wa pampu. Fimbo ndefu ya chuma iliyoshuka hadi majini ikakatika, ikaanguka ndani ya kisima, ikakaa huko.

Wakati ule watu walikuwa wamekusanywa kwa amri kwenye kijiji kimoja kando ya kisima kile, wao na wanyama wao, na kutoka bila kibali ni kutafuta risasi. Maji yamekatika, na kisima kingine huwezi kukiendea. Mnaelewa? Mbuzi walianza kulala na hawakuamka. Baadaye ng'ombe. Habiba aliniambia kwamba kelele za wanyama ziliisha taratibu, na kimya kile kilikuwa kibaya kuliko kelele.

Askari walipokuja walimkuta Dahir ameketi karibu na injini. Walimpekua wakakuta barua mfukoni. Basi ikawa hivyo! Mtu amepewa maagizo, anayo mfukoni, na amefanya kinyume chake. Kwao hilo lilikuwa na jina moja tu, shifta.

“Mimi nashika ya kulia kama siku zote, bismillahi, halafu chuma imefunjika,” aliwaambia. “Mimi si shifta, wallahi! Ulizeni shemeji yangu Garissa!”

Na kweli wakaja kuniuliza. Afisa mmoja alifika karakana, akaketi, akatoa daftari. Kalamu Nne alikuwa amesimama kando anachezea kalamu zake. Afisa aliniuliza swali moja tu, kama mwangalizi yule alielezwa kwamba mikono imegeuzwa.

Ningeweza kusema hapana. Neno moja! Ningesema ubao niliuharibu mimi, na mtu yule hana hatia, ameanza na kulia kwa sababu mimi nilimwapia kwamba kulia ni kwanza. Nilimtazama Kalamu Nne, naye akatazama mlango wa ofisi ya fundi mkuu.

“Barua ilipelekwa, afande,” nikasema.

Maneno hayo ni ya kweli kabisa! Hakuna uongo ndani yake hata chembe. Ndiyo maana ninayachukia kuliko uongo wowote niliowahi kusema. Afisa aliandika, akafunga daftari, akanishukuru. Dahir alipelekwa kizuizini mbali na kwetu. Hakurudi. Tuliambiwa ni homa.

Kiti nilikipata. Kililia kila nilipozunguka, na Kalamu Nne alipohamishwa mwaka uliofuata hakuniaga. Hata jina langu alilikosea hadi siku ya mwisho, mjivuni yule. Na mimi ndiye niliyemtumikia!

Habiba alifika Garissa na watoto watatu, miguu imepasuka. Nilimkaribisha mkekani, nikamletea maji. Hakuyachukua.

“Walaal, ulijua?” akaniuliza. Kaka, ulijua?

Nilitazama chini. Hakuuliza mara ya pili. Aliita mtoto wake mkubwa, akamtuma kwa jirani kuomba maji, akanywa hapo hapo mbele yangu, maji ya jirani.

Tangu siku hiyo dada yangu alikuja nyumbani kwangu kila Idi, kwa sababu damu ni damu na alimcha Mungu. Alikuja na maji yake mwenyewe. Kwanza yalikuwa kwenye kibuyu, baadaye kwenye chupa ya plastiki. Alikaa, akauliza hali za wanangu, akatoa chupa yake, akanywa, akaenda. Hakuwaambia watoto wake kwa nini. Alipokuwa anakata roho, midomo imekauka, nilimwinulia kikombe. Aliniona ni mimi, akafunga mdomo.

Basi ndiyo sababu kikombe kilinianguka, Nasra. Siku ile nilikueleza habari za ubao na mikono mitatu, nikakueleza pampu iliyokatika, nikakwambia usiguse mlango ambao watu wanaujua gizani. Uliuacha ule wa zamani kama ulivyo, ukajenga mpya kando yake, na uliponipigia simu ulisema mkubwa wako kazini amenuna kwa sababu kazi imerefuka. Mwache anune! Wa kwangu alifurahi.

Lakini sikukutajia jina la mwangalizi wa kisima. Wewe unajua tu kwamba babu yako Dahir alifia vitani.

Wasomaji wenzangu, nawasihi. Ukiwaahidi watu kwamba kitu kitakaa mahali pake, kikae, hata kama anayekuhimiza ana kalamu arobaini. Msiwape kazi yenu ya wiki mbili watu ambao hawana habari, mkajisafisha kwa karatasi. Na mkiulizwa swali lenye roho ya mtu ndani yake, msijibu kwa ukweli mdogo kama nilivyojibu mimi mwoga, mpenda kiti!

Nasra huja kwangu kila Ijumaa baada ya swala. Akifika tu huomba maji, maana jua la Garissa mnalijua, na huinywa gilasi yote kwa mkupuo mmoja kisha akacheka kama babu yake. Amekunywa maji yangu tangu utotoni. Ijumaa hii atakuwa ameshasoma haya. Nitaiweka gilasi mkekani, upande wake wa kulia, kama kawaida... Sijui kama ataishika.