Sarafu Chini ya Ulimi

Watu wa hapa Ustyug, kaskazini mwa Urusi, wakikusimulia habari za wafu, utasikia usiku, upepo, mbwa wanabweka. Wa kwetu hakusubiri usiku. Alikuja mchana kweupe, kiangazi, madirisha yako wazi na majirani wanaanika nguo uani. Aliyejiwa ni shangazi yangu Glafira. Alinisimulia mwenyewe, wala hakuwa mtu wa kutia chumvi.

Babu yangu Yevlampi, yaani baba yake, alikuwa sonara wa kupaka dhahabu. Dhahabu huchanganywa na zebaki mpaka iwe uji, uji ukapakwa juu ya fedha, fedha ikawekwa kwenye makaa. Zebaki inapaa kama moshi, dhahabu inabaki. Moshi huo unaua. Ndiyo maana fundi hufanya kazi na sarafu ya dhahabu chini ya ulimi, imnyonyee sumu. Jioni sarafu imekuwa nyeupe, anaitia motoni, inarudi njano. Fundi akifa, sarafu yake lazima ichomwe kwanza kabla haijaingia kinywa kingine. Hilo mafundi wote wa hapa wanalijua.

Babu alikufa na yake mdomoni. Kabla hajafa alisema moto wa karakana apewe mpwa wake Nikanor, kwamba mwanamke hafai kukaa motoni. Na nani alikuwa amemvukutia moto huo tangu utoto wake? Glafira. Alipokuwa anamwosha baba yake alimsikia Nikanor sebuleni akiwaambia wazee wa kanisa kuwa atauza vifaa vyote. Hasira zikampanda. Akaitoa sarafu kinywani mwa maiti, akatoka nayo, na mbele ya wote akaiweka chini ya ulimi wake ikiwa nyeupe vile vile.

Wazee waliguna, lakini hawakumfukuza. Marehemu alikuwa ameacha kikombe cha ibada hakijapakwa. Wakasema Glafira akikimaliza kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Prokopi, karakana ni yake. Akishindwa, ni ya Nikanor.

Asubuhi aliyoanza ilikuwa nzuri. Alikunywa chai, akala mkate wa shayiri nyeusi, akawasha makaa. Kikombe kilitoka njano tupu, isipokuwa ndani, karibu na ukingo. Hapo palikuwa na ukungu mweupe, kama mtu amepumulia kioo. Akafuta. Haukutoka. Akapaka tena, akachoma tena. Ukungu ulirudi mkubwa zaidi.

Ikawa hivyo kila siku. Na kila siku pumzi zake zilipungua. Akipanda ngazi anasimama katikati. Majirani walimshauri airudishe sarafu kaburini. Akawaambia waendelee kuanika nguo zao.

Mkesha wa sikukuu, mchana, Nikanor akaja na mkate wa samaki, akakaa mlangoni, akala bila kumkaribisha.

"Dada Glafira, moto haukutaki."

"Umeuuliza lini, wewe usiyeweza hata kuwasha jiko lako?"

Shangazi akacheka, kisha akakohoa. Nikanor akaangusha mkate. Kikohozi kile alikijua, kirefu, chenye mluzi mwishoni. Kilikuwa cha mjomba wake.

Shangazi akafunga mdomo. Kikaendelea. Midomo imefungwa, kikohozi kinatoka. Halafu sauti, chini kabisa, kooni mwake.

"Zima."

Nikanor alitoka mbio, akaacha kofia.

"Zima moto, Glafira."

Shangazi aliogopa. Pumzi ilikuwa imebaki kidogo sana, na mkono wake, wenyewe, ulikuwa unaiendea ndoo ya maji. Ukaishika. Ukainyanyua.

Akauuma. Aliuuma mkono wake mpaka damu ikatoka, ndoo ikaanguka. Akaitema sarafu kwenye makaa.

Moshi mweupe ukapanda. Haukwenda kwenye bomba. Ukasimama. Ukainama mgongo, kama babu alivyokuwa akiinama kazini. Ukaja usoni mwa shangazi, ukatafuta mdomo.

Shangazi akaziba pua, akakaza midomo, akavukuta kwa mkono mmoja. Akavukuta. Moshi ukamshika mabega. Akavukuta. Makaa yakawa meupe kwa moto, na moshi ukaanza kuvutwa juu, mgongo kwanza, kichwa mwisho. Ndipo akafungua kinywa.

"Baba, kuzima hukunifundisha. Ulinifundisha kuvukuta."

Akakipaka kikombe tena, kikatoka safi. Kesho yake kilikuwa madhabahuni, na Nikanor alikuwa nyuma kanisani, bila kofia mkononi, kwa sababu kofia yake ilikuwa kwetu. Hata leo iko kwetu.

Shangazi aliishi akapaka dhahabu hadi uzeeni, akakohoa kikohozi chake mwenyewe. Alipokufa, karakana ikabaki kwangu, nikafanya inavyotakiwa. Niliichoma ile sarafu, ikawa njano, nikaiweka kwenye kijisanduku, nikafunga kwa ufunguo. Asubuhi niliikuta nyeupe, imelowa. Katikati palikuwa na alama za meno, na pengo mbele. Shangazi alizikwa na meno yote. Mwenye pengo alikuwa babu.

Nilikaa nikiitazama. Kisha nikaichoma tena, nikaipangusa, nikaiweka chini ya ulimi, nikawasha makaa. Nilikuwa na kazi ya watu.