Jiwe Lililopewa Jina

Siku ile Bibiane alimwita mwanawe mara moja, akaitikiwa mara mbili.

"Agnès!"

"Niko hapa, maman!" Hiyo ilitoka uani, mtoto alikokuwa akiruka kamba.

"Niko hapa, maman." Na hii ilitoka chumba cha kulia, ndani ya kabati la sahani, polepole, kama ya mtu anayejifunza somo jipya.

Bibiane alisimama na mwiko mkononi. Ilikuwa saa tisa mchana, mvua imekatika sasa hivi, jua linawaka juu ya mabati ya mtaa wa Muhumba. Akajiambia ni mwangwi. Nyumba zile zilijengwa na Wabelgiji, dari ziko juu, kuta nene, na yeye alikuwa mwalimu wa sayansi, mtu wa kutafuta sababu kabla ya kutafuta rozari. Hata hivyo hakumwita mtoto tena. Alimfuata uani, akamshika mkono.

Ndani ya kabati lile mlikuwa na jiwe. Lililetwa Jumamosi na Grégoire, mdogo wa mumewe, mchimba dhahabu wa Shabunda. Mume mwenyewe, Firmin, alikuwa Kindu kwa kazi za barabara, mwezi mzima hayupo. Grégoire alifungua gunia juu ya meza, akajifuta jasho.

"Shemeji, wewe njo unafundisha batoto mambo ya mbinguni. Tazama hii. Ilianguka toka juu, mu saison sèche, mu kiangazi. Tulisikia kishindo mara tatu, kisha moshi ikajichora mu anga. Kesho yake tukaikuta mu shimo."

Bibiane alifurahi mpaka akasahau kumpa mgeni maji. Miaka kumi alikuwa akichora vimondo ubaoni kwa chaki, hajawahi kugusa hata kimoja. Jiwe lilikuwa dogo kuliko kichwa cha mtoto, lakini mizani ikasema kilo tisa. Ngozi yake ilikuwa nyeusi, kama chungu kilichounguza maharagwe, na ilikuwa na vishimo vya kubonyea, ungedhani mtu alilifinyanga kwa vidole. Akamwita Agnès, mwenye miaka saba, akampa sumaku. Sumaku ikaruka, ikanata.

"Iko chuma ndani," Bibiane akaeleza. "Mawe kama haya yanazunguka jua tangu zamani sana, kabla ya mutu yeyote. Hayana kwao. Moja likipita karibu na dunia, dunia inalivuta, hewa inalichoma, linaanguka."

"Bazee ba kule walisema hivyo hivyo," Grégoire akacheka kidogo. "Kwamba haina kwao. Walisema tusiingize mu nyumba. Lakini bazee wanaogopa kila kitu."

Bibiane alikuwa amekwisha kufungua daftari. Kitabu chake cha Kifaransa kilisema kila jiwe la angani hupewa jina la mahali lilipoangukia. Akachovya kalamu. "Mahali panaitwaje?"

Grégoire akaanza kulikunja gunia lake. Mchimba dhahabu atakutajia dhambi zake zote, atakutajia na za jirani, lakini shimo lake hatalitaja hata kwa padri.

"Ile siwezi, shemeji. Nikitaja leo, kesho batu mia wako mu shimo yangu."

"Basi haina jina."

"Ikae bila jina."

Hapo Agnès akasema, "Maman, niipe yangu? Yangu haina kazi tena."

Na kweli, lilikuwa halina kazi. Ulikuwa mwaka wa pili tangu serikali ipige marufuku majina ya ubatizo. Shuleni mtoto aliitwa Nsimire, na juma lile lile alikuwa amepigishwa magoti kwa kuandika Agnès kwenye jalada la daftari. Nyumbani waliendelea kumwita Agnès, ila kwa sauti ya chini. Bibiane akacheka, akasema sawa. Mtoto akaweka viganja vyote viwili juu ya jiwe, akatamka kwa heshima, kama padri mdogo, "Nakupa jina langu. Sasa wewe njo Agnès, ni wewe." Na mama, mwenye akili zake na diploma yake, akaliandika kwa wino. Mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Jumanne ndiyo ile ya sauti mbili. Jumatano alimwita mtoto, na kabati peke yake ndilo lililoitika. Alimkuta Agnès barazani, anatazama ukuta.

"Mbona hauitiki?"

"Umeita Agnès," mtoto akasema. "Mimi si Agnès."

Alhamisi ikaja harufu, ya kiberiti na chuma kilichopigwa, ile ya mahali radi imepita. Bibiane alikuwa anashona sare, mtoto kaketi karibu, na sindano ikateleza kutoka mkononi mwake, ikanata juu ya mkono wa Agnès, imelala kwenye ngozi bila kuchoma. Akaivuta. Ikarudi. Kiti cha mtoto kililia, tak, mguu mmoja ukavunjika, na Bibiane aliporuka kumdaka akashindwa hata kumsogeza, mtoto wa miaka saba aliyekuwa akimbeba mgongoni juzi tu.

Akakimbilia kabati. Akaliweka jiwe kwenye mizani. Kilo mbili.

"Maman," jiwe likasema, kwa sauti ya mwanawe, na likiwa na joto mkononi kama shavu la mwenye homa. "Nimechoka kulala humu. Mwambie yule naye aje alale."

Hofu aliyoipata Bibiane saa ile ilimpeleka njiani bila viatu, ikamfanya amwombe jirani amlinde mtoto bila kuweza kueleza anamlinda na nini, ikampandisha kwenye kamyoneti, gari la kabichi linalorudi Mudaka, na njia nzima, huku ziwa likimeremeta kando kama hakuna jambo, alikuwa akirudia jina moja kimya kimya, Agnès, Agnès, kisha akajiziba mdomo kwa mikono miwili, kwa kuwa alikumbuka sasa hakujua anayemwita ni nani.

Alirudi kutoka Mudaka na maman Adélaïde, mkunga mzee aliyemzalisha, mjuzi wa mambo ya mapacha na ya majini, mwenye ulimi usio na sukari. Adélaïde alimtazama mtoto, ambaye sasa alikuwa amelala sakafuni kwa sababu kitanda kilikuwa kimempasukia. Akalinusa kabati. Akarudi nyuma.

"Nani aliitoa ile jina?"

"Yeye mwenyewe, maman. Ilikuwa mchezo."

"Kuazima si kitu. Batu mia wanaitwa Agnès, na wanalala vizuri. Lakini huyu hakuazima. Alitoa kwa mukono yake, na wewe mama yake ukaandika. Jini yenye haina kwao, umeipatia kwao."

"Nifute daftari?"

"Wino inafutika. Maneno hapana." Adélaïde akashusha sauti mpaka ikawa pumzi. "Sikia vizuri. Haiwezi kurudisha jina na kubaki bure, bila jina, itakamata ya kwanza yenye itasikia. Lazima uipe ingine. Na ile ingine..."

Mtoto akakoroma. Macho yake yalikuwa wazi, na ndani ya weusi wake palikuwa na kitu kinachong'aa kijivu, kama chuma kilichokwaruzwa kwa tupa. Bibiane hakungoja. Alilikumbatia jiwe, akaweka viganja vyote viwili, akasema kwa haraka, "Rudisha ya mwanangu. Chukua yangu. Wewe njo Bibiane."

"Aa, mama!" Adélaïde akajipiga paja. "Nilitaka useme jina la muto! Jina la mulima!"

Lakini sindano ilikuwa imekwisha kuanguka. Agnès akakaa, akalia, akaomba maji, na mama yake akamnyanyua kwa mkono mmoja, mwepesi, mwenye jasho, wa kwake. Akamlilia shingoni. Mizani ikasema kilo tisa. Siku ile ile Grégoire, aliyekuwa bado mjini, akaitwa, akalifunga jiwe kwenye magunia mawili, akapanda lori la Shabunda huku akijiapiza. Bibiane alikaa juma zima akingoja uzito umpate yeye, akijijaribu na sindano kila asubuhi. Haukumpata. Akashukuru Mungu.

Grégoire alirudi baada ya miezi miwili, amekonda. Hakutaka kuketi.

"Niliirudisha palepale, shemeji. Nikaziba shimo na magogo. Lakini njia yote ilikuwa inasema, na sauti yako. Sauti yako ya masomo. Haikutaji wewe hata mara moja. Inauliza mutoto."

"Mutoto gani?"

"'Mutoto wangu iko wapi. Nani anamulisha.' Shemeji, umeifanya mama." Akatazama mlango. "Na haikai. Jumapili ya kwanza tuliikuta inje ya magogo. Ya pili, ngambo ya muto. Kila juma inasogea, kilomita moja, labda zaidi, sikupima. Inakuja upande wa huku."

Alipokwenda, Bibiane alichukua kalamu, kwa kuwa hakujua kufanya kitu kingine. Toka Shabunda kilomita mia tatu na zaidi, moja kwa juma. Hesabu ikatoa kama miaka sita. Akapumua. Katika miaka sita watu huhama, watoto hukua. Hata hivyo alimwita Agnès, akampigia magoti, akamshika mabega.

"Kuanzia leo, ukisikia maman anakuita, usiitike. Hata nikilia. Nikikutaka, nitakuja mwenyewe, nitakushika hivi. Umesikia?"

"Hata nikisikia ni wewe?"

"Hasa ukisikia ni mimi."

Basi ikawa hivyo. Mama yule hakumwita tena mwanawe, si kwa chakula, si kwa kanisa. Alimtafuta chumba kwa chumba, akamgusa bega. Majirani walisema mwalimu amepata wazimu wa kimya kimya, na yeye akawaacha waseme, maana mtoto alikuwa anacheza, anakula, anaongezeka kimo.

Mwezi wa tatu tangu agizo lile, Jumapili baada ya misa, Bibiane alikuwa anapepeta mchele barazani, hajainuka tangu arudi kanisani. Agnès akatoka nyuma ya nyumba, anakimbia, uso umejaa fahari ya mtoto aliyefaulu mtihani.

"Maman, sikuitika!" akasema. "Umeniita mara tatu pale kwa ukuta, ukalia na kulia, na mimi sikuitika!"