Muuguzi na Toroli la Dawa

Kila asubuhi Kimya huchemsha chai, huwaandaa watoto, kisha huwahi zamu yake hospitalini. Yeye ni muuguzi. Kimya ni jina la utani. Wenzake walimpa kwa sababu maneno yake ni ya kuhesabika.

Asubuhi moja mumewe, fundi cherehani, alimkuta ameinamia karatasi.

"Mama watoto, unamwandikia nani?"

"Naacha kazi. Mwezi huu nimekosea dawa mara mbili. Jana nilimpa bibi wa kitanda cha tisa vidonge vya kitanda cha sita. Bahati nzuri ana macho makali. Akaniambia, 'Mjukuu wangu, mimi vyangu ni vyeupe.' Nikikosea tena, naondolewa wodini. Na mgonjwa asipoona, je?"

"Wewe? Wewe unayehesabu vifungo vyangu mara tatu?"

"Mimi huyu huyu."

"Basi zungumza na mkuu wako kwanza. Mficha maradhi kifo humuumbua."

Kiongozi wa wodi, ambaye wote humwita Sista Mkuu, alimsikiliza bila kugomba. "Fanya kazi kama kawaida," alisema. "Leo nakufuata."

Kimya akasukuma toroli la dawa. Sista Mkuu alikuwa nyuma yake na kalamu. Kwenye kitanda cha pili, ndugu wa mgonjwa aliuliza choo kiko wapi. Kimya akamwelekeza. Kwenye cha nne simu ya wodi ililia. Akaacha vidonge, akaipokea. Kwenye cha saba mfanya usafi alitaka ufunguo. Kimya akautafuta.

Walipomaliza, Sista Mkuu alimwonyesha karatasi yenye mistari ishirini na mitatu.

"Kila mstari ni mara moja uliyokatishwa. Nani angekumbuka alipofikia?"

"Nilidhani ni uzembe wangu."

"Hapana, mwanangu. Wewe ni mwangalifu, ndiyo maana nilikupa kazi ya kugawa dawa. Lakini mwangalifu anataka utulivu, na mimi nimekuweka sokoni. Hilo ni kosa langu. Lako ni kwamba huwezi kumkatalia mtu. Sema, 'Subiri, nagawa dawa.' Si ukorofi. Ni usalama wa mgonjwa. Jaribu."

"Subiri... nagawa dawa."

"Hata panya hajasikia. Tena!"

Kisha Sista Mkuu akaenda stoo. Huko alikuwepo Redio, muuguzi anayependa watu na maongezi. Alipewa kazi ya kuhesabu glavu, lakini kila siku hesabu ilimpotea, maana alitoka kumsalimia kila apitaye.

"Redio, kuanzia kesho, saa ya dawa utakaa mlangoni. Simu, funguo na maswali, vyote ni vyako."

"Hee! Nilipwe kwa kuongea? Miaka yote nimeongea bure!"

Nyumbani, fundi cherehani alimshonea mkewe aproni nyekundu. Kifuani aliandika: NAGAWA DAWA. TAFADHALI SUBIRI. Barua ya kuacha kazi haikupelekwa.

Miezi mitatu ikapita bila kosa la dawa hata moja. Ndipo mganga mkuu wa hospitali alipoingia, Kimya akiwa katikati ya kazi.

"Sista, mna wagonjwa wangapi leo?"

Kimya aliinua macho. Huyu ndiye mwenye uwezo wa kumwondoa wodini.

"Subiri, daktari. Nagawa dawa."

Redio, aliyekuwa akijibu simu, akaja mbio. "Karibu huku, daktari! Kumi na wanane, na habari zao zote ninazo."

Mganga mkuu alikaa kwenye benchi mpaka kitanda cha mwisho kilipopata dawa. Kisha akamwendea Kimya.

"Sista Mkuu ameniambia mlivyobadilisha kazi. Utabaki wodi hii hii," alisema. "Wauguzi wa wodi ya watoto nao wanakosea dawa. Nilikuwa nawaandalia onyo. Kumbe ningeanza kwa kuangalia wanavyofanya kazi. Twende ukawaeleze."

"Niongee mimi?"

"Wewe."

Kimya akavua aproni, akanawa mikono, akaenda. Hakusema mengi. Lakini wenzake wa wodi ya watoto walivuta viti karibu, na kila alipomaliza sentensi, mmoja wao alisema, "Hata sisi!"